Naombeni mwanga: hili somo la sheria, sisi wa uhasibu tunalishika wapi?

Binti_wa_Gungu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nasoma stashahada ya uhasibu mwaka wa kwanza, hapa hapa Kigoma. Upande wa hesabu sina shida. Leja nafunga, mizania inakubali, hata usuluhishi wa benki nikikaa nao jioni unanyooka. Kinachonitoa jasho ni somo la sheria. Notisi ni kurasa na kurasa: vyanzo vya sheria, mihimili mitatu, ngazi za mahakama, jinai na madai, mkataba, wakala, ubia, kampuni. Nikisoma naelewa, nikifunga daftari vyote vinachanganyika. Wenzangu hosteli wanakariri usiku kucha, ila mimi kukariri kitu nisichojua kinatumika wapi kichwa kinagoma.

Juzi tumepewa swali la kwenda nalo nyumbani:

"Bibi A anauza mawese ya jumla Mwanga. Amempa Bwana B madumu 40 kwa mali kauli, thamani yake shilingi 2,800,000, na B akaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Hawakuandikishana, ila zipo meseji za simu. B amepakia mzigo kwenye treni, ameuza Tabora, pesa kala, simu hapokei. Eleza sheria zinazohusika, mahakama yenye mamlaka, na kama B ametenda kosa la jinai."

Swali lenyewe linanigusa maana mama yangu anauza mawese na mali kauli ndiyo biashara yake yote. Nimemuuliza, kanijibu kwamba ukitaka kumkopesha mtu jua kwanza kwao ni wapi, mengine ni kelele. Sidhani kama mwalimu atanipa maksi kwa hilo.

Naomba anayejua anipe njia ya kulishika somo lote, sio jibu la swali peke yake. Na kama kuna aliyefanya mitihani ya Bodi ya wahasibu, aniambie hii sheria inanifuata mpaka CPA, kile cheti cha mhasibu kamili, au inaishia huku chini.

Mtu_wa_Reli

Swali jepesi hilo mdogo wangu. Bibi A aende kituoni, B alale ndani usiku mmoja, asubuhi hela inapatikana. Sheria zote hizo za nini? 😂

Karani_wa_Mwaloni

Mtu_wa_Reli, wewe nitakurudia. Kaa hapo hapo.

Binti, marahaba. Nimewawekea vitabu wafanyabiashara wa Kibirizi na Katonga tangu enzi za risiti za mkono na karatasi ya kaboni. Sasa nimepumzika, ingawa vijana bado wananiletea mafaili nyumbani. Sheria inakufuata mpaka CPA na baada ya CPA. Bodi yenyewe, NBAA, imezaliwa na sheria iliyotungwa mwaka 1972, na ndiyo inayosema nani aitwe mhasibu na nani mkaguzi. Bila sheria ile, kibao unachoota kukitundika mlangoni ni mapambo tu.

Njia yangu ni moja. Usianze na ukurasa wa kwanza wa notisi. Anza na karatasi iliyo mezani, uliza: huyu anayedai hela, mamlaka ameyatoa wapi? Panda nalo swali hilo mpaka lisipopandika tena. Mkaguzi hakubali malipo bila vocha, nawe usikubali dai bila kuiona sheria iliyolizaa.

Nenda dukani kwa mama. Utakuta stakabadhi ya ushuru wa halmashauri. Hiyo inatokana na sheria ndogo ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Sheria ndogo haisimami peke yake, inaegemea Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, ambayo imetungwa na Bunge. Na Bunge nalo? Linaegemea Katiba ya 1977, ibara ya 64, inayolipa mamlaka ya kutunga sheria za Muungano na za Tanzania Bara. Ibara hiyo hiyo inasema sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili kwa kiasi inachokiuka. Ukifika Katiba umefika kileleni, shuka. Hapo tayari umesoma vyanzo vya sheria kwa karatasi moja ya sokoni: Katiba juu, chini yake sheria za Bunge, chini yake kanuni za mawaziri na sheria ndogo za halmashauri.

Sasa ibara ninayotaka ulale nayo ni ya 138. Inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliotiliwa nguvu na sheria ya Bunge. Wanasheria wana ibara zao wanazozipenda, za uhuru na haki. Mhasibu yake ni hii.

Nikupe mfano wa mwaloni. Kuna msimu alikuja kijana na kitabu cha risiti kipya kabisa, anadai mchango wa usafi kwa kila gunia la dagaa. Halmashauri siitaji. Mwajiri wangu alikuwa na magunia mengi siku hiyo, na yule kijana kesho yake angekuja tena. Nikamuuliza kwa upole: hii imetangazwa kwa Tangazo la Serikali namba ngapi? Maana sheria ndogo isiyochapishwa kwenye Gazeti la Serikali haijaanza kutumika. Akasema ni maelekezo kutoka juu. Nikamwambia sawa, nipe nakala ya hilo la juu nilibanie kwenye faili, kwa sababu mkaguzi akija ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe. Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wakasogea kusikiliza. Kijana akafunga kitabu chake, akaenda kuuliza ofisini. Mchango ule sikuuona tena kwenye vitabu vyangu.

Angalia vizuri: sikumwambia ushuru ni mbaya. Ushuru halali nilikuwa nalipa mapema kuliko wote. Niliuliza vocha.

Karatasi ya pili ni risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Wajibu wa kutoa risiti umo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Sura ya 438. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ina sheria yake ya 2014, Sura ya 148, na kodi ya mapato ina yake ya 2004, Sura ya 332. Hizi hazitulii, na hapo wanafunzi wengi wanajikwaa. Kila Juni Bunge linapitisha Sheria ya Fedha inayochokonoa hizi zote, na kwa kawaida inaanza kazi tarehe 1 Julai. Ukinunua kitabu cha kodi cha mtumba pale Mwanga, viwango vyake ni vya kihistoria. Tena hivi majuzi sheria zote kuu zimefanyiwa urekebu, Toleo la 2023, limeanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo hata namba za vifungu uzihakikishe kwenye toleo jipya kabla hujaziandika kwenye mtihani.

Ya tatu kwa mama huenda haipo, ila kwa jirani yake anayeleta vitenge kutoka ng'ambo ya ziwa ipo: karatasi ya forodha. Ukiifuata hiyo hufiki Dodoma, unafika Arusha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004 imetungwa na Bunge la Afrika Mashariki, na inatumika bandarini Kigoma sawasawa na Mombasa. Notisi nyingi zinaipitia hii kwa mstari mmoja, nami naona ni makosa kwa chuo kilichopo mpakani.

Mihimili mitatu usiisumbukie sana. Bunge linatunga, Serikali inatekeleza, Mahakama inatafsiri na kuamua, na ibara ya 107A ndiyo inayosema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki. Ila usisahau CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ibara ya 143, kwa sababu kazi yake ni ya kwenu: hakuna hela inayotoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini yake, na baada ya matumizi yeye ndiye anakagua na kupeleka ripoti kwa Rais ili ifike bungeni.

Zanzibar: kodi ya mapato na forodha ni mambo ya Muungano, VAT yao wana sheria yao. Mtahini hupenda kulichomeka hilo.

Swali lako la mawese nitarudi nalo usiku, naitwa kwenye kikao cha msiba.

Binti_wa_Gungu

Asante sana babu, nimekwenda dukani kweli na karatasi nimezikuta, mama kaniuliza kama nimeajiriwa TRA 😂

Ila kuna kitu hakijakaa. Mwalimu anataka tukitoa hoja tutaje kesi, na kesi zenyewe ni za Uingereza. Salomon, Carlill, sijui nani alikuta konokono kwenye chupa. Kama sheria inatungwa Dodoma, hawa wanatuhusu nini sisi wa Gungu?

Mnyanyembe

Naomba nijibu hilo, nipo Tabora na kazi yangu ni ya mahakamani, sio hakimu.

Andika tarehe moja: 22 Julai 1920. Sheria inayoitwa JALA, Sura ya 358, inasema mahakama zetu, pale ambapo sheria zetu zilizoandikwa hazijagusa jambo, zitumie kanuni za mazoea za Uingereza, kanuni za haki za mahakama zao, na zile sheria zao za jumla zilizokuwa zinatumika huko siku hiyo. Lakini ni kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Hilo sharti la mwisho watu wanalisahau. Maana yake hakimu anaweza kusema kanuni hii ya London haifai hapa.

Wabelgiji ndio walioingia Kigoma na Tabora mwaka 1916, Waingereza wakarithi baadaye. Wangebaki wale wa kwanza, leo wewe na mimi tungekuwa tunasoma sheria kwa mtindo wa Bujumbura, vitabu vya kanuni na kesi kidogo sana. Historia ilipinda kidogo tu.

Sasa kesi zako. Salomon ni ya 1897. Fundi viatu wa London alianzisha kampuni, akamiliki hisa 20,001 kati ya 20,007, hizo sita nyingine wakashika mke na watoto wake. Kampuni ikafilisika, wadai wakasema kampuni na Salomon ni mtu yule yule, alipe yeye. House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza enzi hizo, wakakataa: kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine kisheria. Kwa mhasibu hii ndiyo sababu hesabu za kampuni hazichanganywi na mfuko wa mwenye hisa. Jina la biashara ulilosajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, halikupi kinga hiyo. Duka la mama likiwa na jina la biashara tu, deni la duka ni deni la mama, na nyumba yake imo.

Ya konokono ni ya 1932, ipo upande wa pili wa 1920. Hizo za baadaye zinaitwa za ushawishi: mahakama yetu inaweza kuzifuata, hailazimiki. Inayolazimisha ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kuna kesi ya mwaka 1988, Jumuiya ya Wafanyakazi wa Tanzania dhidi ya Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, ilikaza hilo: mahakama zote za chini zinafungwa na Mahakama ya Rufani, wakiipenda hukumu wasiipende. Itaje hiyo kwenye mtihani badala ya kuzunguka na Waingereza peke yao. Hukumu zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Ngazi: Mahakama ya Mwanzo, juu yake Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, juu yake Mahakama Kuu, kileleni Mahakama ya Rufani iliyoanza 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika na mahakama yake ya rufani kwenda nayo. Zamani rufaa za Kigoma zilikuwa zinapanda treni kuja kwetu Tabora kwa Mahakama Kuu. Siku hizi mnayo yenu, nasi tumepungukiwa wageni.

Mgogoro wa kodi haupiti njia hiyo. Unaanza na pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu upokee uamuzi wa kodi, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa, isipokuwa Kamishna akupunguzie. Ukishindwa unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, na huko juu wanasikiliza hoja za kisheria tu, hesabu mmeziacha chini. Mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio ni ya kupitiliza ni wa mlipakodi. Vitabu visipokuwepo, kesi imekwisha kabla haijaanza, na hapo ndipo mtu anapomkumbuka mhasibu wake.

Mtu_wa_Reli

Mmeandika vizuri wakuu, nimesoma yote. Ila nawaambia ukweli, huku mtaani polisi inafanya kazi. Shemeji yangu alilipwa hivyo hivyo.

Karani_wa_Mwaloni

Shemeji yako alilipwa na woga, hakulipwa na sheria. Siku akikutana na mdaiwa mwenye wakili, yeye ndiye atakayejibu. Kituo cha polisi sio ofisi ya kukusanya madeni.

Binti, tuingie kwenye swali. Mtahini ameficha mtego kwenye maneno "pesa kala, simu hapokei". Anataka uone hasira ukimbilie jinai. Tulia.

Jinai ni Jamhuri dhidi ya mtu, inathibitishwa bila kuacha shaka ya maana, na mwisho wake ni adhabu. Madai ni mtu na mtu, yanaamuliwa kwa kupima upande gani ushahidi wake umezidi uzito, na mwisho wake ni kulipwa. B alipewa mawese kwa hiari, yakawa yake, akauza mali yake. Hakuiba. Kujipatia mali kwa udanganyifu chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kunahitaji uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita. Kusema "nitalipa baada ya wiki mbili" ni ahadi ya mbele. Ingekuwa B alijitambulisha kuwa ni wakala wa kiwanda fulani Tabora na sio kweli, hapo hadithi inabadilika, na andika hivyo kwenye jibu, utaonekana umefikiri. Lakini kwa maelezo mliyopewa, ni deni.

Mkataba upo? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kwa sehemu kubwa ni mtoto wa sheria ya India ya 1872, inataka kifungu cha 10 kitimie: ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali, lengo halali. Umri ni miaka 18 na akili timamu. Maandishi hayatakiwi kwa kila mkataba. Mali kauli ni mkataba, mama yako ameingia mikataba mingi kuliko mawakili wa mji huu.

Lakini hapa ni bidhaa, kwa hiyo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingia nayo. Kifungu cha 6 kinasema mauzo ya kuanzia shilingi 200 hayadaiki mahakamani bila maandishi yaliyosainiwa, ila kama mnunuzi amepokea bidhaa, au ametoa kitu cha kufunga biashara, au amelipa sehemu. Shilingi 200! Enzi inaandikwa ilikuwa hela ya heshima, leo andazi lenyewe unabembeleza. Kwa Bibi A haimdhuru, kwa sababu B alipokea madumu yote 40. Wanafunzi wengi watasema hakuna maandishi basi hakuna kesi. Wewe utakuwa na kifungu.

Ushahidi: meseji zinapokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi haukataliwi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila utaonyesha umetunzwaje. Simu isiuzwe, isifutwe. Na daftari la mama, lile la mraba lenye alama ya mafuta kila ukurasa, ni ushahidi pia likiwa linaandikwa siku kwa siku. Likionekana limeandikwa lote kwa kalamu moja jioni moja, hakimu ana macho.

Mahakama: deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Milioni 2.8 imo ndani. Deni limezaliwa Kigoma, hakuna haja ya Bibi A kumfuata mtu Tabora kufungua shauri.

Muda: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba. B akilipa kidogo au akikiri deni kwa maandishi kabla haijaisha, saa inaanza upya. Kwa hiyo meseji ya B ya "mama nivumilie mwezi ujao" ina thamani kuliko tusi atakalorudishiwa. Na wewe kwenye vitabu, kabla hujalifuta deni kama deni bovu, angalia kwanza hiyo miaka.

La ziada, kwa sababu najua swali linalofuata huwa ni ubia: usipoteze muda kutafuta sheria ya ubia peke yake. Kwa Bara ubia umo ndani ya hiyo hiyo Sheria ya Mikataba, kuanzia kifungu cha 190, na uwakala umo humo kuanzia cha 134.

Binti_wa_Gungu

Babu Mungu akuzidishie. Nimeanza kuandika. Swali la mwisho: mama kakubali kuandikishana na wateja wake kuanzia sasa, ila anasema hataki makaratasi ya mwanasheria. Aandike nini?

Karani_wa_Mwaloni

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Tarehe, majina kamili ya wote wawili na namba zao za simu, madumu mangapi ya lita ngapi, bei ya dumu, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kulipa, saini au dole gumba, na shahidi mmoja asiye ndugu. Aandike kwa Kiswahili chake. Nakala moja abaki nayo mdaiwa ili asije kusema hakuona. Ikifika mikataba mikubwa, pango la duka kwa mfano, aulize habari ya ushuru wa stempu, Sura ya 189, kwa sababu hati inayotakiwa kulipiwa stempu isipolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe.

Mjukuu_wa_Ujiji

Nimefuatilia kimya kimya. Na sisi tunaopeleka sabuni na chumvi Kalemie? Mteja wangu wa kule ana kampuni kabisa, na mhasibu wake ananitumia makaratasi ya Kifaransa ambayo hayafanani na yetu hata mpangilio. Nikidhulumiwa nashtaki wapi?

Mnyanyembe

Makaratasi hayafanani kwa sababu Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Huo ni umoja wa nchi za Afrika, nyingi zinazotumia Kifaransa, zenye sheria moja ya kampuni na biashara na mfumo mmoja wa hesabu. Hata namba za akaunti zimepangwa na sheria, sio na mhasibu. Tanzania haimo. Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakujabadilisha hilo, na mahakama ya Jumuiya iliyopo Arusha haikusanyi deni la sabuni.

Usingoje udhulumiwe. Kwenye makubaliano ya mzigo unaofuata weka sentensi mbili: mgogoro utaamuliwa kwa sheria ya Tanzania, na utasikilizwa na mahakama iliyopo Kigoma. Akikataa, shusheni bei au ombeni malipo ya awali, kwa sababu hata ukishinda Kigoma, mali ya kukazia hukumu ipo ng'ambo, na kuipata huko ni shauri jingine mbele ya jaji mwingine kwa Kifaransa. Wanaofanya biashara hiyo kwa muda mrefu hapa Tabora na huko kwenu wanachukua nusu ya hela kabla boti haijang'oa nanga, na nusu mzigo ukishushwa.